Kaa Chini Kwanza

Watu wakimkumbuka Mwalimu siku hizi husema alikuwa na mikono ya malaika. Mimi huwaacha waseme. Lakini ile mikono niliiona kwa karibu, na haikuwa ya malaika hata kidogo. Ilikuwa minene, yenye vidole vifupi na kucha zilizokatwa hadi kwenye nyama, na ilinuka dawa ya kuoshea vidonda hata alipokuwa akikupakulia chakula. Alichotuzidi sote ni shingo ngumu. Akishaamua kwamba jambo fulani utajifunza, utajifunza, hata ukilia, na wengi wetu tulilia.

Alikuwa muuguzi wa chumba cha upasuaji katika hospitali moja kubwa ya jijini, yule anayesimama kando ya daktari na kumpa vyombo kabla havijaombwa. Alipostaafu, miaka ya tisini ikiwa michanga, alibaki kwenye nyumba yake ya kanjo, yaani ya baraza la jiji, huko Eastlands, akaomba ukumbi mdogo wa kanisa uliokuwa nyuma ya nyumba hizo, akaanza kufundisha. Wanafunzi wake tulikuwa wauguzi, wakunga na maafisa wa kliniki kutoka vituo vya afya vya mashambani, huko ambako daktari wa upasuaji ni mtu wa kusikika redioni. Tulikuja wakati wa likizo zetu, tukalala kwa jamaa, mimi kwa kaka yangu huko Kayole, wengine Mathare, na asubuhi tukakusanyika ukumbini kujifunza kushona watu kabla hatujakutana na watu wenyewe.

Mtaa ulimwita Sista, sisi tukamwita Mwalimu. Yeye hakutuita kwa majina yetu hata siku moja. Asubuhi ya kwanza alimuuliza kila mmoja swali moja tu: "Kati yako na hospitali kuna nini?" Ulichojibu ndicho kilichokuwa jina lako. Kulikuwa na dada mmoja mpole kutoka kaskazini aliyeitwa Mchanga. Kulikuwa na afisa wa kliniki mmoja mnene, mcheshi, ambaye kituo chake kilikuwa juu ya mteremko ambao lori haliupandi barabara ikilowa. Yeye alikuwa Mlima.

Mimi nilimwambia ni mto. Nikamweleza kwamba masika yakija daraja huzama na kituo chetu hubaki ng'ambo peke yake.

"Na mama akivuja damu wakati huo?"

"Anakufa, Mwalimu."

Sikuwa nasema hivyo ili anionee huruma. Tulikuwa tumezika mmoja masika yaliyopita, mama wa watoto wadogo, na mkunga mwenzangu alipotoka matangani aliomba uhamisho akaenda zake. Mvua ikirudi ningekuwa mimi na mlinzi wa lango tu. Hilo ndilo lililonileta Nairobi, na hilo ndilo lililokuwa likinikosesha usingizi kwa kaka yangu.

"Basi wewe ni Mto," akasema Mwalimu. "Na tuna hadi masika."

Mgonjwa wetu alikuwa mmoja, na hakuwa na kichwa. Mwalimu alimtengeneza mwenyewe kwa sponji ya godoro na mpira wa tairi la ndani, tumbo, nyonga na mapaja, akamlaza juu ya meza na kumfunika shiti ya kijani. Mlango wa kizazi ulikuwa shingo ya sweta nyekundu ya mtoto. Sweta hizo alizinunua soko la Gikomba, akiinamia rundo la mitumba na kuzivuta shingo moja baada ya nyingine, hata muuzaji akashindwa kuvumilia. "Mathe, kwani huyo mtoi wako ana kichwa aina gani?" Mwalimu alimjibu bila kuinua macho kwamba kichwa chake kimeshatoka, yeye anataka shingo iliyochanika. Yule kijana alimwachia kwa bei yoyote aliyotaka ili aondoke.

Kabla ya kumgusa mgonjwa tulishona matumbo ya mbuzi kutoka buchari, mpaka vidole vikaizoea sindano iliyopinda. Ndipo ikaja damu. Damu ilikuwa juisi ya unga, ile nyekundu ya pakiti, iliyokorogwa nzito ndani ya galoni la plastiki lililoning'inia nyuma ya pazia. Mpira mwembamba ulitoka kwenye galoni, ukapita ndani ya sponji, ukaishia kwenye kona ya juu kabisa ya ule mchaniko wa sweta, pale ambapo jicho halifiki na inabidi uende kwa kidole. Mwalimu alikuwa akifungua kishikizo, na ile juisi inamwagika mikononi mwako, kwenye viatu vyako, na sakafuni.

Ule ukumbi ulinuka matumbo na sukari. Nzi walikuwa wetu wote. Sakafu ilishika rangi isiyotoka hata kwa kusuguliwa kwa brashi ya waya, na Jumapili vijana wa kanisa walitandika mkeka juu ya lile doa, lakini watoto wa shule ya Jumapili hawakukubali kuukalia. Walikuwa wameambiana kwamba chini yake kuna mama anayelala. Nilicheka niliposikia, kisha nikajikuta na mimi naupita pembeni.

Somo lake lilikuwa moja, na alilirudia hadi tukalichukia. Mama akichanika mlango wa kizazi akijifungua, damu hutoka kwenye kona ya juu ya mchaniko. Mshono wa kwanza lazima upite juu ya kona hiyo. Ukianzia chini, mahali panapoonekana, utashona vizuri sana, utajisifu, na damu itaendelea kutoka juu ya kazi yako nzuri. "Msinishonee kitambaa cha meza," alikuwa akisema. "Nitafutieni kona."

Halafu kulikuwa na benchi.

Lilikuwa benchi refu la mbao alilolinunua kwa maseremala wa Gikomba, nalo lilikaa nje, chini ya dirisha la ukumbi, karibu na mfereji ambapo akina mama wa mtaa walipanga foleni ya maji. Sheria ya Mwalimu ilikuwa hivi: mgonjwa akifia mikononi mwako, hutoki ukanawe, hukai ukanywe chai. Unaenda nje na mikono yako vilevile, na kuwaambia wenyewe. Wenyewe walikuwa hao akina mama wa foleni. Mama mmoja aliyekuwa akiuza sukumawiki pale kando, Mama Mboga tukimwita, ndiye aliyekuwa mama mzazi wa marehemu kila siku. Alikuwa na kipaji cha kutisha. Alikuwa akijitupa chini, akivua kitambaa cha kichwa, akimlilia mtoto wake wa sponji kwa lugha ya kwao, hadi siku moja wapita njia walisimama na kuanza kuimba nyimbo za maombolezo, na ikabidi mchungaji atoke kuwaeleza.

Asubuhi alipokuwa akipanga mboga zake alituuliza, "Leo mtoto wangu anakufa saa ngapi? Nataka kujua kama nitafika Gikomba kabla."

Ndani, Mwalimu alisimama nyuma ya dirisha na kusikiliza. Hukumwona, ulisikia sauti tu. Wengi wetu tulitoka tukasimama mbele ya lile benchi, wima, na kuanza kubabaika, na sauti ikaja kupitia dirishani: "Kaa chini kwanza!" Unakaa. Unasema mgonjwa wenu ametutoka, na sauti inakuja: "Ametoka kwenda wapi? Sema neno lenyewe." Unasema amekufa. Unainuka uende zako, maana unataka kujificha. "Usiondoke bado. Ngoja waulize." Na unangoja pale, juisi inakukauka mikononi, mpaka Mama Mboga akuulize ni kwa nini, na umjibu.

Mchanga alimuuliza siku moja ni ya nini, sisi tumekuja kujifunza kuponya. Mwalimu alisema huko tuendako hakuna mtu mwingine wa kuwaambia. Mhudumu anayeogopa benchi, alisema, huanza kukimbia akiwa bado ana mkono ndani ya mgonjwa.

Usidhani alikuwa mtu wa kupenda vifo. Hakuweza kuchinja kuku. Jumamosi alipotaka kutupikia alimshika kuku miguu, akasimama mlangoni, akaita vijana wa mtaa waliokuwa wakipiga gumzo ukutani. "Sista," wakamwambia, "wewe unapasua watu na unaogopa jogoo?" Aligeuza uso hadi wakamaliza. Kanisani alikuwa mtu wa kiti cha mbele na sauti kubwa, lakini darasani alikataza maombi mpaka mkono uwe umeshaingia. "Omba ukishona," alisema. "Anasikia." Wakati ule tulikuwa tukichemsha glavu na kuzitumia tena, na kila mmoja wetu alikuwa akiogopa damu ya watu kwa sababu ya ule ugonjwa ambao hata kuutaja tuliona shida. Yeye aliutaja kwa jina lake kila asubuhi, ukimwi, ukimwi, huku akitukagua glavu kwa kuzipuliza kama mtoto na puto.

Na alituhimiza sote tukapimwe. Wanawake hasa. Alituuliza mbele ya wanaume lini tulikaguliwa mlango wa kizazi mara ya mwisho, na tuliona aibu kuliko siku ya kwanza ya shule. Lakini yeye mwenyewe hakuna aliyemgusa. Ukimwekea mkono begani aliusogeza.

Nilirudi kwake likizo ya Desemba. Nilikuwa tayari nashona vizuri na alinipa kazi ya kuwasaidia wageni. Asubuhi moja, tukiwa tumezunguka meza, mlango ulifunguka akaingia Mlima. Hakuwa amealikwa. Alikuwa amekonda, shati halijapigwa pasi, na yule mtu wa mzaha hakuwamo tena usoni mwake.

"Mlima, karibu," Mwalimu akasema. "Mbona umeisha hivyo?"

Hakukaribia. Alisimama palepale mlangoni na kusema yote akimwangalia mgonjwa wetu wa sponji. Barabara ilikuwa imelowa. Mama alijifungua salama, mtoto mzima, kisha damu ikaanza.

"Nilishona, Mwalimu. Nilishona poa sana, vile nilikuwa nashona hapa. Damu ikaendelea. Nikajiambia, hii iko karibu kumalizika. Sikuwa hata na wasiwasi. Nikakaa pale nimeweka mkono." Macho yakamhamia kwenye pazia. "Unajua nilikuwa nangoja nini? Nilikuwa nangoja galoni iishe."

Sote tuligeuka tukaliangalia lile galoni nyuma ya pazia.

Nilielewa papo hapo, kwa sababu na mimi nilikuwa naijua ile raha. Kila tulipofanya zoezi, ukishona vibaya au vizuri, kulifika wakati damu ikapungua, ikadondoka, ikakoma, na mwili wako ukashusha pumzi. Mishono yetu mingi ilikuwa ya kitambaa cha meza. Ilionekana imefanya kazi kwa sababu galoni lilikuwa na mwisho. Mwalimu aliwakamata waliokosea sana na kuwatuma kwenye benchi, lakini wengine tulipita, na mikono yetu ikajifunza kungoja. Hakuna mhudumu mwingine duniani ambaye angefanya kosa lile. Ni letu sisi tuliofundishwa kwenye ukumbi ule.

Mwalimu alimuuliza kitu kimoja tu: "Uliwaambia?"

"Niliwaambia. Nilikaa chini kwanza."

Akamwendea, akamshika mkono, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya, akampeleka nje kwenye benchi na kukaa naye pale hadi chai ya saa nne. Waliokuwa wakichota maji wakajua kwamba leo si mchezo, wakazima kelele za ndoo. Aliporudi ndani alilishusha galoni, akalikata katikati kwa kisu cha jikoni, akatuambia tukanyweshee kuku.

Tangu siku ile alibadilika, au labda mimi ndipo nilipoanza kumwona. Aliandikia barua kila mtu aliyewahi kupita mikononi mwake, akaenda mwenyewe kwenye stendi ya mabasi ya mashambani kuwapa madereva. Barua zote zilikuwa na maneno yaleyale: damu haina mwisho wa galoni, tafuta kona. Wengine walijibu. Wengine hawakujibu, na ukimya wao ulimkaa. Aliweza kuacha somo katikati na kusema, "Kivuko hajaniandikia," kisha akaendelea.

Mahali pa galoni aliweka pipa juu ya meza ya pili, na wasiokuwa kwenye zamu walipokezana kulijaza maji kutoka mferejini na kukorogea juisi. Foleni ya maji ilipokuwa ndefu, akina mama walituachia ndoo zao zilizojaa. Mama Mboga alibeba pia, akilalamika. "Yaani mimi nimzae, mimi nimlilie, na sasa ni mimi nammwagia damu?" Lakini alibeba. Pipa halikuisha. Ukikosa kona, damu ilikuja tu, na ilikuja, na mikono ikakufa ganzi, na wale wa ndoo wakaendelea kuingia mlangoni. Watu walizimia. Dada mmoja alitupa sindano akatoka mbio hadi kituo cha matatu na hakurudi.

Na hata ulipofaulu, juisi ikakatika ghafla chini ya uzi wako, Mwalimu hakukusifu. Aliinama akakuuliza sikioni: "Imeisha, au umeizuia?" Ulitakiwa ujue. Ukisema hujui, unaanza upya.

Nilianza kumwona, nimesema. Ilikuwa hivi. Hakukaa tena. Alifundisha amesimama, akala amesimama, na kanisani akahamia nyuma karibu na mlango. Alivaa sketi nyeusi kila siku, na juu yake leso, na juu ya leso sweta, hata jua la Februari lilipokuwa likichoma mabati. Mfukoni alikuwa na odowa, yale mawe laini ya udongo ambayo wajawazito hununua sokoni, akiyatafuna tangu asubuhi hadi jioni, na yeye umri wa mimba ulikuwa umempita zamani. Alipopanda zile ngazi chache za ukumbi alisimama katikati akijifanya anatazama foleni. Nyuma ya nyumba yake kulikuwa na karai lililofunikwa ambalo hakumruhusu mtu kulifunua.

Chumba kizima kilikuwa kimefundishwa kuona damu inayopotea. Tulifundishwa na yeye: funua kope la chini, angalia rangi. Tulifunuana kope sisi kwa sisi kila asubuhi. La kwake halikufunuliwa.

Niliomba likizo nyingine fupi kabla ya mvua, mwezi huohuo wa Februari, nikaja kumalizia mazoezi. Siku ya mwisho nilibaki nyuma tukikunja shiti. Nilikuwa nimejipanga maneno ya adabu lakini hayakutoka, yakatoka mengine.

"Mwalimu, unavuja damu."

Aliendelea kukunja hadi pembe zikalingana.

"Mgonjwa wako yuko wapi?" akaniuliza.

"Mwalimu, mimi naona..."

"Mgonjwa wako yuko ng'ambo ya mto. Enda huko." Kisha, kwa sauti ya chini kidogo, "Mimi nimeshaonwa na madaktari, mwanangu. Usinitafute."

Sikulala usiku ule. Nilikasirika, nasema wazi, nilikasirika naye kama mtoto anavyomkasirikia mama yake. Asubuhi nilipanda basi la kwenda magharibi.

Masika yalikuja na daraja likazama, kama tulivyojua. Siku chache baadaye, adhuhuri, mvua ikipiga bati kiasi cha kutosikilizana, aliletwa langoni kwetu mama mmoja juu ya mkokoteni wa ng'ombe, na mtoto alikuwa keshazaliwa njiani. Kondo lilikuwa limetoka. Kizazi kilikuwa kimekaza vizuri. Na damu ilikuwa inakuja, nyekundu kabisa, bila haraka. Mlinzi wa lango alinishikia tochi akiwa amegeuza uso ukutani.

Niliuona mchaniko, nikashona. Nilishona vizuri. Damu ikapungua, ikawa ya kudondoka, na mwili wangu wote ukashusha pumzi. Ile raha ikaja. Mkono wangu ulitaka kupumzika, na nakuapia ulikuwa umeshaanza kutoka.

Ndipo nikajiuliza swali lake. Imeisha, au umeizuia? Sikujua. Nikafunua kope la yule mama na lilikuwa jeupe. Damu ilipungua kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa anapungua. Hapo nilipiga kelele kwa hofu, mlinzi akadhani mtu amekufa. Nikapeleka kidole juu, juu zaidi ya kazi yangu nzuri, nyuma, mahali pasipoonekana, na kona ilikuwa huko, na nilihisi joto linalotoka kwake likipiga kwenye ncha ya kidole. Nikapitisha uzi juu yake. Nikakaza. Niliomba nikishona, kama alivyosema.

Yule mama yuko hai. Mtoto wake siku hizi ananisalimia njiani.

Maji yaliposhuka na daraja likapitika nilisafiri hadi Nairobi kumwambia. Nilinunua njugu na ndizi njiani, nikajipanga jinsi nitakavyosimulia, nikafika mtaani mchana nikiwa nacheka peke yangu. Ukumbi ulikuwa umefungwa kwa kufuli. Benchi halikuwa pale mferejini. Nililikuta kwenye baraza la nyumba yake, na juu yake wamekaa mdogo wake wa kike, mpwa wake, na Mama Mboga, wakichambua mboga. Walikuwa na nyuso za watu wenye mipango. Mdogo wake akaniambia dada anaumwa kidogo, wanangoja apate nguvu wampeleke kwenye maombi, halafu kuna daktari mwingine wamesikia ni mzuri.

Ndani palikuwa na harufu ambayo muuguzi yeyote anaijua, na dawa ya kuoshea vidonda juu yake. Mwalimu alikuwa amelala kitanda cha chini ya dirisha. Alikuwa amebaki mikono tu, ileile minene, juu ya blanketi.

"Mto," akasema. "Ilikuja?"

"Ilikuja."

"Na?"

Nikamsimulia. Sikusimulia nilivyojipanga, nilisimulia ovyo, nikianzia katikati. Alisikiliza amefumba macho. Nilipofika mwisho alifungua.

"Iliisha, au uliizuia?"

"Niliizuia, Mwalimu."

Akaitikia kwa kichwa kidogo, taratibu. Kisha akainua mkono wake, akaweka kidole chini ya jicho lake mwenyewe, akalivuta kope. "Sasa angalia," akasema. Niliangalia. Sikuona damu pale. Palikuwa peupe kama ukuta uliopakwa chokaa.

Aliniambia ni saratani, ya mlango wa kizazi, na ilikuwa imemzidi tangu kabla ya ile Desemba. Alikwenda hospitali yake ya zamani, kwa watu aliokuwa akiwapa vyombo. Walimfungua wakamfunga. "Nimeitafuta kona, Mto. Haina." Alisema bila kulia, na mimi ndiye niliyelia, nikiwa nimeshika mkono wake, na safari hii hakuusogeza.

"Wale wa nje hawajui," akasema nilipotulia. "Nimejaribu kuwaambia. Wananiambia niache kujitabiria mabaya. Wanauza mbuzi wao huko nyumbani wanipeleke kwa madaktari." Akapumzika. "Enda uwaambie."

"Mwalimu, siwezi."

"Unaweza. Nilikufundisha."

Nilitoka. Sikunawa uso. Jua lilikuwa likiwaka barazani, mfereji ulikuwa na foleni yake, na wale watatu waliinua macho kutoka kwenye sukumawiki wakatabasamu, wakingoja niwaambie amekula. Nikasimama mbele yao. Nikasema kwamba Mwalimu, kwamba hali yake, kwamba tumshukuru Mungu kwa kila jambo. Sijui nilikuwa nasema nini.

"Mto." Sauti ilitoka dirishani, nyuma yangu, nyembamba kuliko nilivyoizoea. "Kaa chini kwanza."

Mama Mboga alikuwa wa kwanza kuelewa. Kisu kilisimama mkononi mwake. Nikakaa kwenye benchi katikati yao, nikamshika mdogo wake mkono, nikasema neno lenyewe. Nikasema atakufa, na hakuna daktari mwingine, na ni karibu.

Mama Mboga, ambaye alikuwa ameomboleza pale kwa kelele hadi wapita njia wakaimba, hakutoa sauti. Mdogo wake aliendelea kuchambua jani moja lilelile. Miguu yangu ilitaka kuinuka. Ilitaka mfereji, barabara, basi, mahali popote.

"Usiondoke bado," akasema Mwalimu kutoka ndani. "Ngoja waulize."

Nikangoja.